Jumamosi ya Mwisho ya Reinhold Zastrow

Kwa miaka tisa, kila Jumamosi tangu Mei mpaka ziwa lilipoganda, tanuri la mikate la Zastrow lililala baridi kama maiti, na Hedwig Zastrow alimjua muuaji. Muuaji alikuwa samaki. Anaitwa maski, ana urefu wa mtoto wa darasa la pili na meno ya mbwa asiyelishwa. Reinhold, mume halali wa Hedwig na mwokaji pekee wa mikate mjini, alikuwa amemfuata ziwani Jumamosi zaidi ya mia mbili bila kumleta nyumbani hata mmoja. Alicholeta ni majeraha. Mwaka 1951 aliacha ncha ya kidole chake cha mwisho mdomoni mwa maski aliyekuwa anaondoka zake. Mwaka 1953 ndoana ilimwingia sikioni, akaenda nayo kanisani kama hereni.

Oktoba ya mwaka 1956 Hedwig alichoka. Baada ya ibada alimburura mumewe mbele ya Mchungaji Lindquist, akamwekea mkono juu ya Biblia, akamlisha kiapo neno kwa neno. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kabla ya king'ora cha saa sita mchana, Reinhold amwingize maski mashuani kwa mikono yake mwenyewe. Akiweza, Hedwig hatafungua tena mdomo kuhusu uvuvi mpaka azikwe. Akishindwa, anaacha, na Jumamosi zote zilizobaki za maisha yake ni za tanuri.

"Na mimi nitakuwemo mashuani," Hedwig aliongeza. "Habari za wavuvi tumezisikia vya kutosha."

"Amina," alisema Mchungaji, ambaye Jumamosi hupenda mkate wa moto.

Basi ndivyo Hedwig alivyojikuta kwenye Ziwa Tamarack saa mbili asubuhi, kwenye mashua ya makasia, amevaa makoti mawili na kofia ya marehemu baba yake, huku barafu nyembamba ikivunjika pembezoni mwa matete. Reinhold alirusha chambo chake cha mti, kilichochongwa mfano wa samaki na kuning'inizwa ndoana za makucha matatu matatu, akakivuta, akarusha tena. Saa nzima ilipita hivyo. Hedwig alikuwa anaanza kusinzia kwa furaha ya ushindi wakati ziwa lilipokula bata.

Bata mwenyewe hakuwa na kosa lolote. Alikuwa anaogelea hatua ishirini kutoka mashuani, akiwaza mambo ya bata. Maji yakapasuka chini yake, taya mbili zikafunguka kama mlango wa tanuri, zikafungwa. Bawa moja lilipiga maji mara mbili, likazama. Yakabaki manyoya matano na uwekundu kidogo, kisha hata uwekundu ukatoweka.

"Yesu wangu," alisema Hedwig.

"Umeona?" Reinhold alisema kwa sauti ya mtu aliyeko madhabahuni. "Umemwona, Hedi?"

"Nimeona mauaji."

Lakini kitu kilikuwa kimeruka kifuani mwake, na hakikushuka. Ili kukituliza, alitazama chini. Hapo ndipo alipoona kitu chini ya kiti cha mumewe.

"Reinhold, hicho nini?"

"Kipi?"

"Hicho."

"Ah. Rungu la samaki."

"Hicho ni kifimbo changu cha kusukumia unga! Nimekitafuta miaka miwili. Nilimfukuza Gerda kazi kwa ajili ya kifimbo hicho!"

"Gerda alikuwa mvivu vilevile."

Kando ya kifimbo ilikaa bastola ndogo. Hiyo haikumshangaza Hedwig. Kila mvuvi ziwani alikuwa nayo. Enzi zile maski hakukaribishwa mashuani akiwa na fahamu zake. Ulimvuta mpaka ubavuni mwa mashua, ukampiga risasi ya utosi, ndipo ukamwambia aingie ndani, na kama alikuwa bado na la kusema, rungu lilimjibu.

Saa tano ikapita. Saa tano na nusu, Reinhold aliketi, bega likimwuma, akamimina kahawa yenye brandi ndani yake, au labda brandi yenye kahawa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu magunia ya unga.

"Nipe hiyo fimbo nyingine ya kuvulia," alisema Hedwig. "Miguu imekufa ganzi. Nirushe angalau damu itembee."

"Rusha, mama, rusha. Utanasa gogo." Kisha, kwa mazoea tu, akaongeza: "Chambo kikifika ubavuni usikitoe. Chovya ncha ya fimbo majini, uchore namba nane. Wakati mwingine maski huwa anakifuata kimyakimya mpaka mwisho."

"Wewe mbona huchori?"

"Nimechora miaka tisa."

Alikuwa amechora, ndiyo, lakini kidogo tu, nane nyembamba yenye haraka, kama mtu anayetia sahihi. Hedwig hakuwahi kuvua hata dagaa, ila kila alfajiri kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amesokota mikate ya chumvi yenye umbo hilohilo la nane, dazeni thelathini kabla ya kifungua kinywa. Mikono yake iliijua nane kuliko ilivyojua sala. Alirusha vibaya, akavuta vibaya, na chambo kilipofika ubavuni akachovya fimbo na kusokota mkate majini: kitanzi kipana, polepole kwenye kona, kisha kitanzi cha pili.

Kwenye kitanzi cha pili, chini ya chambo, ziwa lilikuwa na jicho.

Kisha mlango wa tanuri ukafunguka.

Pigo lilimpeleka Hedwig magotini. Fimbo iligonga ukingo wa mashua, maji ya barafu yakamjaa mdomoni, na kichwa cha kijani kikubwa kama ndoo kikatoka nje, kikatikiswa kushoto na kulia kwa hasira ya mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. Kahawa iliruka. Reinhold naye aliruka.

"Mwachie mshipi! Mwachie!"

"Nimwachie nini? Anauchukua mwenyewe!"

"Lete fimbo hapa!" Alikuwa tayari ameinyooshea mikono. "Hedi, lete! Kiapo kinasema mikono yangu! Dakika kumi zimebaki!"

Hedwig alimpiga kiwiko cha pua.

Baadaye angesema alifanya hivyo kulinda kiapo, na Mchungaji angeridhika. Ila wakati damu ya mumewe inamwagika kwenye koti, Hedwig hakuwa akifikiria kiapo, wala tanuri, wala Jumamosi. Alikuwa anafikiria jambo moja: wangu.

Samaki alipita chini ya mashua, akaizungusha. Aliruka mara mbili. Kigurudumu cha mshipi kilimponda Hedwig vidole kwa mpini wake mpaka kucha moja ikang'oka, naye akakivuta tena kwa mkono uleule, akitukana kwa Kijerumani, lugha aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya mazishi tu. Mara samaki akaja ubavuni, amelala upande, mrefu kama benchi la kanisa.

"Tulia naye!" alikoroma Reinhold kupitia pua iliyojaa damu, bastola mkononi. "Ninampiga."

Risasi ya kwanza ilipiga ziwa, ambalo ni kubwa. Ya pili ikavunja kasia. Hedwig, aliyeona kwamba akisubiri ya tatu atakuwa mjane au maiti, alishika waya wa chambo kwa mkono mtupu, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mdogo, na samaki akaingia mashuani akiwa hai, mzima, na mwenye maoni yake.

Jambo la kwanza alilofanya ni kumpandia Reinhold. Ndoana za nyuma za chambo zilizama kwenye paja la mwokaji, huku za mbele zikiwa bado kwenye taya la samaki, na tangu hapo viumbe hao wawili walikuwa kitu kimoja. Kila samaki aliporuka, Reinhold aliruka. Meno yalipasua buti lake. Mkia ulimpiga Hedwig shavuni, mpaka upande mmoja wa dunia ukazima.

"Mtoe! Mtoeee!"

Na hapo Reinhold Zastrow, kwa mazoea ya miaka tisa ya kuota tendo hilo kila usiku, alifanya kosa ambalo kule kwao kila mtu anamjua mtu aliyelifanya. Alielekeza bastola kwa maski aliye ndani ya mashua, akafyatua mara tatu.

Samaki hakuguswa. Sakafu ya mashua ndiyo iliyopata matundu matatu, na ziwa likaanza kuingia kwa michirizi mitatu mizuri, kama chemchemi ya bustani.

Hedwig akashika kifimbo chake. Pigo la kwanza lilimpata Reinhold gotini, na hadi leo haijathibitishwa kama lilikuwa la bahati mbaya. La pili lilimpata samaki katikati ya macho. La tatu na la nne pia. Alipiga kama anavyopiga unga mgumu wa ngano nyeusi, kwa mabega, meno yakiwa yamekazwa, damu ya watu wawili na samaki mmoja ikimrukia usoni, mpaka mwili mrefu ukatetemeka toka kichwa hadi mkia, ukalala.

Maji yalikuwa yamefika vifundoni.

Ng'ambo, mjini, king'ora cha saa sita kikalia.

Mashua ilizama kwa heshima, hatua arobaini kutoka ufukweni, mahali ambapo maji humfika mtu mzima kifuani. Hedwig alitembea mbele, mkono umezama kwenye mashavu ya samaki yanayokata kama msumeno, akimburura. Reinhold alifuata nyuma akilia, kwa kuwa paja lake halikuwa na uamuzi mwingine.

Kwenye baa ya Ole Tveit, iliyoko ukingoni mwa ziwa, waliinua samaki kwenye mizani: pauni thelathini na tisa. Tveit alikata ndoana kwa koleo la kukatia nyaya, akamwaga brandi kwenye paja, na iliyobaki akaimwaga ndani ya mgonjwa.

"Hedi," alisema Reinhold alipoweza kusema. "Tuzungumze kama watu wazima. Ameingia mashuani kabla ya king'ora. Mashua ni yangu. Na upande wake mmoja nilikuwa nimemshika mimi."

"Kiapo kinasema mikono. Paja halikutajwa."

"Hedi, mama..."

"Jumamosi, Reinhold. Tanuri."

Alikuwa ameshinda. Kila alichokitaka kwa miaka tisa alikuwa nacho mezani, lakini hakukitazama. Alitazama dirishani, kwenye matete.

"Hongera, Bi. Zastrow," alisema Tveit, akiegemea kaunta kama mtu asiye na haraka. "Umemtoa wapi huyu?"

"Upande wa magharibi," Hedwig alijibu bila kupepesa jicho. "Kwenye mawe makubwa."

Reinhold aliacha kunywa. Walikuwa mashariki, kwenye matete, asubuhi nzima. Alimtazama mke wake wa miaka ishirini na miwili, shavu limevimba, kucha moja hana, akidanganya mahali alipompata samaki wake, na moyo wake ukazama taratibu kuliko ile mashua. Ugonjwa huo aliujua dalili ya kwanza hadi ya mwisho.

Jumamosi iliyofuata tanuri la Zastrow liliwaka kuanzia alfajiri. Mchungaji Lindquist alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nyuma ya kaunta alichechemea Reinhold, unga mpaka kwenye nyusi.

"Mungu ni mwema," alisema Mchungaji, akikumbatia mkate wake wa moto. "Na mama yuko wapi?"

Reinhold alikuwa anasukuma unga kwa chupa tupu ya brandi, kwa sababu kifimbo kilikuwa kimepotea tena.