Uzito wa Mama Njuguna

Wawira alivua viatu, akavua koti, akampa mumewe Gachanja mkoba, kisha akapanda kwenye mizani ya kliniki ya saratani mjini Nakuru. Sista Joan akainama kusoma. Mizani ilikuwa kwenye sifuri.

"Mum, simama vizuri."

"Nimesimama."

Hakuwa amesimama. Kati ya soksi zake na mizani palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, na Joan aliupitisha wake ili kuhakikisha, akauchomoa, akaguna. "Si nilikuambia ukuje ukiwa umeshuka?"

Jambo hili lilianzia nyumbani kwao Olenguruone, wiki ile Wawira alipoambiwa kwamba uvimbe wa titi lake ni saratani na kwamba asichelewe kutibiwa. Aliingia jikoni, akafunga mlango, akamwambia Mungu kwamba anaogopa. Hakuomba mengi. Aliomba tu asiachwe peke yake. Hofu ikamtoka taratibu, na miguu nayo ikaachana na sakafu. Gachanja alipoingia alimkuta akimenya viazi huku amening'inia usawa wa dirisha. Alimwambia alifunge, maana upepo wa msitu wa Mau ni mkali, kisha akamwinulia karai ili maganda yasimwagike. Tangu siku hiyo gambuti za Wawira zikawa safi kuliko zote kijijini, hata wakati wa mvua.

Pasta na akina mama wa ushirika walikuja kumwona. Huko mgonjwa hutembelewa kwa sukari na mkate, naye mgonjwa huamka kitandani akawapikia wageni chai. Wawira aliwapikia, akawamiminia kutoka juu bila kumwaga hata tone. Pasta alikunywa vikombe viwili, akafurahi, akasema Jumapili Mama Njuguna asimame mbele ya kanisa atoe ushuhuda kwamba amepona.

"Sijapona, Pasta. Uvimbe bado uko. Nimeshikiliwa tu."

"Usikiri ugonjwa, Mama Njuguna. Mtu amepona anaenda hospitali kutafuta nini?"

"Dawa. Nataka wanitibu nikiwa nimeshikiliwa."

Pasta hakupendezwa. Jumapili alisimama akatoa ule ushuhuda mwenyewe kwa niaba yake, na watu wakapiga makofi. Tangu hapo hakuna aliyemuuliza tena Wawira hali yake. Mtu aliyepona haulizwi.

Sasa kliniki nayo ilikuwa na lake. Daktari Deepa, mwanamke mpole aliyezaliwa papo hapo Nakuru, aliwaeleza kwa uvumilivu, na hii haikuwa mara ya kwanza. Dawa ile hupimwa kufuatana na kilo za mgonjwa. Ikizidi inaua, ikipungua haifanyi kazi. Na kompyuta haikubali sifuri.

"Si mtumie zile kilo zake za kitambo?" Gachanja aliuliza.

"Hizo ni za kabla hajaugua, mzee. Mama amekonda. Nani ataweka sahihi hapo?"

Hakuna aliyetaka kuweka sahihi. Dawa yenyewe ilikuwapo, kwenye friji nyuma ya kiti cha daktari, na Wawira aliweza kuyaona maboksi kupitia kioo. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angeambiwa dawa imekwisha angeelewa, maana hayo ni mambo yaliyozoeleka.

Gachanja ni mkulima wa viazi, na mambo ya mizani anayajua kwa sababu mabroka wamemwibia nayo maisha yake yote. Alitoka akaleta gunia kutoka kwenye pikapu. "Mpime gunia peke yake. Halafu mpime mama akiwa amelibeba. Mtoe kilo za viazi, zile zinabaki ni zake."

Joan akakubali. Gunia peke yake lilisoma vizuri. Wawira alipolikumbatia, likainuka pamoja naye, na mshale ukarudi kwenye sifuri.

"Mathe, weka viazi chini," alisema askari wa mlangoni, "utagonga bulbu."

Joan alifikiri kidogo. "Mum, si uwache kuamini kiasi? Dakika moja tu, nisome." Alisema kwa sauti ileile wanayotumia kumwambia mtu azuie pumzi apigwe eksirei.

Wawira alijaribu, na alijaribu kwa moyo wote kwa sababu alitaka kuishi. Alifumba macho, akamkumbuka Shiru, kitindamimba wake, waliyemwombea kwa kufunga na bado wakamzika. Hasira ikampanda. Akamwambia Mungu: huku ni kunishika gani, kunakonizuia nisitibiwe? Kama unanitaka niwe hai, niache nipimwe. Kama hunitaki, nitupe chini nijue. Alimgombeza hadi machozi yakamtoka, na alipofumbua macho kichwa chake kilikuwa kinagusa dari.

Gachanja alimvuta chini kwa ncha ya leso. "Jaribu kusema hayuko," alimnong'oneza.

"Nimejaribu. Sasa hayo yote nilikuwa naambia nani?"

Daktari Deepa aliandikia makao makuu Nairobi kuomba kompyuta irekebishwe. Jibu likaja kwamba kila mgonjwa lazima awe na uzito. Akaandika tena, akajibiwa vilevile. Wiki zikapita, uvimbe ukakua. Wawira alikuwa akilala fofofo chini ya dari, na Gachanja ndiye aliyekuwa macho kitandani, akimtazama na kukasirika. Alikuwa hajui amkasirikie nani, kwa hiyo aliikasirikia mizani.

Kliniki ilizoea. Fundi alipigilia kulabu kando ya benchi, na Wawira akawa anafungwa hapo kwa leso kila wakija, asihangaishwe na upepo wa mlangoni. Asubuhi moja Joan alisimama mbele ya wagonjwa, akawaomba wanyamaze, akainua uso kumtazama Wawira.

"Mum, tuombee kabla tuanze."

Wawira akaomba. Aliwaombea wote waliokuwa kwenye benchi, akamwombea daktari na mikono ya manesi, akaiombea na dawa ifanye kazi kwenye miili ya watu. Mwanamume mmoja aliyekuwa akitetemeka tangu afike alitulia. Wakaitikia amina. Kisha wakaitwa mmoja mmoja, wakapimwa, wakaingia kutundikiwa dripu, mpaka benchi likabaki tupu.

"Na mimi, Sista?"

Joan alimtazama kwa upendo wa kweli. "Wewe uko na Mungu, mum. Hawa wengine ndio wanahitaji dawa."

Gachanja alifungua fundo la leso, akaanza kumvuta mkewe kuelekea mlangoni.

"Polepole, Baba Njuguna," Wawira alisema. "Hapa kwapani pia pameanza kuuma."