Kumlilia Mtu Hai

Ukuta wa jikoni ulimwangukia Jacob mchana kweupe, upepo ulipokuwa ukibeba mabati ya mtaa mzima huko Butembo. Nadège, mkewe, alikuja mbio na fulana yake ya kujitolea ya waokoaji. Akakuta tofali mbichi zimegeuka tope, boriti juu ya tope, na chini ya boriti sauti ya mumewe.

— Nadège, usikawiye. Mayi iko naingia hapa.

Maji ya mlimani yalikuwa yakitiririka hadi kwenye shimo alimolala. Nadège aliivuta boriti mpaka kucha zikatoka damu, nayo haikusogea. Palihitajika wanaume, tena wengi.

Basi akafanya alivyofundishwa. Valère, afisa wa huduma za dharura aliyetumwa kutoka jimbo jingine, alikuwa amewagawia filimbi: pulizeni, watu watakuja. Nadège akapuliza. Ng'ambo ya barabara, mlango wa Siméon ukafungwa. Akapuliza tena, kwa nguvu zaidi. Makomeo yakalia nyumba baada ya nyumba, na mama mmoja akawavuta watoto wake ndani na kuzima redio.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Huyu wetu alikuja, na mwenyeji akabaki chini ya ukuta. Maana nani asiyejua, toka Beni hadi Kayna, kwamba filimbi ni wenye silaha wameingia? Ukiisikia unafunga mlango na kulala chini. Nadège mwenyewe alikulia hapo hapo, lakini kwenye mafunzo aliitikia kwa kichwa tu kama wengine. Sasa hasira ilimpanda, na aliyemkasirikia kwanza ni yeye mwenyewe.

— Siméon! Ni miye! Kuya!

Makelele ya mabati yakaimeza sauti yake. Chini ya boriti, Jacob akaanza kukohoa maji.

Kuna sauti moja tu ambayo mtaa ule hauifungii mlango, nayo ni kilio cha msiba. Mwanamke akilia, jirani hukipokea kilio, wa nyumba ya pili hukipokea kwake, na watu huacha chungu motoni. Lakini kumlilia mtu hai ni kumwitia kifo kwa jina, na mke akifanya hivyo, nani atamtetea? Nadège aliogopa kuliko alivyouogopa upepo. Kisha akaweka mikono kichwani.

— Jacob eee! Jacob ametuacha! Bwana yangu eee!

Kule chini, Jacob akanyamaza.

Siméon alitoka wa kwanza, bila viatu. Jirani yake Eliane akakipokea kilio, na mara watu wakaja kutoka kila upande, wengine na majembe, kwa kuwa kaburi huchimbwa na majirani. Nadège alilia huku akielekeza: hapa, si hapo, boriti kwanza. Wakainua. Jacob akatolewa akiwa tope tupu, mguu umevunjika, macho wazi.

Mama yake, Florentine, alifika kutoka sokoni, kitambaa kimeshamwanguka kichwani, tayari kumzika mwanawe. Akamwona anapumua. Akageuka, akamzaba Nadège kofi.

— Unalilia mutoto yangu angali muzima?

Nadège akapiga magoti, akaanza kuufunga mguu wa Jacob.

Juma lililofuata Valère aliitisha mkutano wa kujifunza kutokana na ile dhoruba, chini ya hema, kwa sababu bureau yake ya kazi nayo ilikuwa imebaki bila bati. Alikuwa muungwana, alilikiri kosa la filimbi mbele ya wote.

— Donc, basi tutumie nini? Kilio?

Watu wakaguna.

— Hapana, chef, akasema Siméon. Ni nani atakubali balilie jina yake akiwa angali muzima?

Florentine akasimama kule nyuma. Nadège akainamisha kichwa, akingoja kofi la pili.

— Mimi, akasema Florentine. Nyumba yangu ikianguka, munililie. Museme Florentine amekufa, museme na nguvu batu basikie.

Akamtazama mkwewe.

— Na wewe ndiye utaanza.

Eliane akasimama, akataja jina lake pia. Kisha Siméon akataja la kwake, kwa sauti ndogo.