Maumivu ya Fiacre Kwenye Benchi

Kila Jumamosi kabla ya mechi, Kochi Gaspard alimimina vidonge vya maumivu kwenye sahani ya bati, na wachezaji wote wa chuo cha ualimu wakala, hata wale ambao hawakuumwa. Timu ilikula pamoja. Kutuliza mwili wako peke yako huku wenzako wakitazama kungekuwa choyo. Vidonge viliuzwa kimoja kimoja kwenye soko la Nyakasanza, kama karanga, na wakati ule wa vita vilipatikana kwa urahisi kuliko mihogo. Mara nyingi havikukuta kitu tumboni.

Fiacre, winga wa kushoto, alimeza vyake, akaongeza na vya mwenzake Bienvenu. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba tangu mvua za kwanza, lakini hakuweza kupumzika. Komanda aliyeshika upande ule wa Bunia alipenda mpira, naye alikuwa ametoa neno: anayecheza aachwe acheze, asiyecheza ana mikono, na bunduki zinataka mikono.

Kabla ya filimbi, maumivu yalitoka gotini mwa Fiacre yakaenda kuketi benchini. Yalikuwa na kimo chake na mabega yake, ila yalikuwa mazito, na benchi liliinama upande huo. Maumivu ya wengine yalikuwa madogo, yalikaa chini ya benchi kama kuku. Mechi ikiisha, yalirudi kwa wenyewe.

“Maumivu yako iko nanenepa, ndugu,” Bienvenu alimwambia. “Weye unaikulisha nini?”

“Ile siye wote tunakulaka.”

Nyumbani, mama yake, Mama Berthe, alimtazama akivua viatu.

“Iko naumwa wapi?”

“Hakuna fasi, mama.”

Jumamosi moja komanda alikuja mwenyewe na gari lake. Alitazama kipindi cha kwanza, kisha akatazama benchi.

“Ule iko nacheza?”

“Hapana, chef,” alisema Kochi Gaspard. “Ni maumivu ya Fiacre.”

“Iko na mikono?”

Kochi akageuka kuangalia. Yalikuwa nayo.

“Basi ipande.”

Maumivu yalisimama, yakapanda garini bila kuaga, yakapelekwa Bambu, kwenye mapigano. Kipindi cha pili Fiacre alifunga bao. Chuoni walisema kijana ana bahati.

Tangu siku hiyo hakuumwa tena. Goti lilicheza mahali pake kama mlango uliolegea bawaba, naye hakujua. Kwenye sahani aliendelea kuchukua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuikataa. Tumbo likaanza kuvuja damu ndani kwa ndani bila kumpa habari. Choo chake kilikuwa cheusi. Alidhani ni sombe, yale majani ya mihogo aliyokula. Alianguka karibu na kibendera cha kona, mpira ukiwa mguuni, na hakuamka tena. Nesi alisema tumbo lililochimbwa na vidonge namna ile lilipaswa kuwa limepiga kelele tangu siku nyingi.

Jezi ilifuliwa, akapewa Nathanaël, aliyekuwa na kifundo kibovu cha mguu na hofu ya lile gari.

Siku ya pili ya matanga, maumivu yalirudi kwa mguu kutoka Bambu, yamevaa buti, yana bunduki. Wanawake waliyasogezea mkeka. Yaliegemeza bunduki ukutani, yakauliza mwenyewe yuko wapi.

“Tulishamuzika jana,” alisema Bienvenu.

Mama Berthe alikunja kitenge, akaweka wazi goti lake la kushoto.

“Kuja huku.”

Yakaingia. Mama alikunja uso kidogo, kisha akanyoosha mguu. Jirani akamletea vidonge viwili na maji.

“Peleka,” alisema Mama Berthe, akivisukuma kando. “Ni yeye njo nilibakia naye.”

Jumamosi iliyofuata Kochi Gaspard alimimina vidonge kwenye sahani, na Nathanaël akanyoosha mkono. Mama Berthe alipita kando ya uwanja akichechemea, kikapu kichwani. Nyuma ya goli gari la komanda lilikuwa linangoja, injini ikinguruma.