Upenu wa Elverstoke

Uvumi wenyewe Hawise aliupata kwenye tanuri la kijiji, Jumamosi asubuhi, akiwa ameshika ubao wenye mikate minne ya shayiri. Gunnild, mjane wa msaga nafaka, alisema bila kuinua uso kwamba watoto wanaochukuliwa kwenye nyumba kubwa ya Elverstoke hawakui. Kinachokua ni nyumba.

"Nani kasema?" Hawise akauliza.

"Hajasema mtu. Mtazame Wilkin wangu. Aliingia kule ana miaka minane. Huu ni mwaka wa saba, na viatu ni vilevile."

"Labda hawamshibishi."

"Wanamshibisha. Ana mashavu kama mtawa." Gunnild akaugeuza mkate wake, akaugonga kitakoni kusikiliza kama umeiva. "Mimi sisemi kitu, shoga. Nimesema viatu tu."

Wanawake wengine wakaendelea na habari za vitunguu. Hawise akaenda zake na mikate, lakini neno lile lilimganda kama kupe. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Emmot, wa miaka tisa, na kibanda chao kilikuwa cha kwanza chini ya nyumba kubwa, upande mvua inakotokea.

Elverstoke ilijengwa na Bwana Ranulf, mwenye ardhi yote ya kijiji, miaka kumi na miwili nyuma, kwa jozi nne za nguzo za mwaloni, ukumbi mmoja ulio wazi mpaka paani, moto katikati ya sakafu, na kuta za fito zilizokandikwa kwa udongo, samadi na majani makavu. Gib, mume wa Hawise, alikandika kuta mbili kwa mikono yake. Jozi nne za nguzo huacha nafasi tatu katikati, na watu wa huko huhesabu ukubwa wa nyumba kwa nafasi hizo. Siku ya kuezekwa zilikuwa tatu. Wilkin alipoingia zikawa nne. Akafuata binti wa mhunzi, zikawa tano. Akafuata yatima mmoja wa ng'ambo ya kijito aliyejikinga mvua chini ya upenu, zikawa sita. Hakuna fundi aliyeonekana na shoka miaka yote hiyo. Kila Aprili boriti za ukumbini zilichipua, na watumishi walifagia majani mabichi pamoja na mifupa ya mbwa.

Na desturi ya huko ni hii: ardhi inayodondokewa na maji ya paa ni mali ya mwenye paa, pamoja na kila kinachokua juu yake. Ni desturi ya zamani kuliko kanisa, na haikuwahi kumsumbua mtu, kwa sababu paa hukaa palepale.

Hawise akatoka na kamba yake ya kupandia maharage. Matone ya upenu huchimba vishimo vidogo ardhini, vimejipanga mstari kama mshono. Alipima kutoka kwenye vishimo mpaka kizingiti cha mlango wake. Siku ya Sikukuu ya Mishumaa, mwanzoni mwa Februari, zilikuwa nyayo ishirini na moja. Siku ya Pasaka zilikuwa kumi na nne.

"Mwaloni mbichi hujipinda ukikauka," Gib alimwambia mezani. "Kila mtu analijua hilo, mke wangu."

"Hujipinda kuingia ndani au kutoka nje?"

Gib akapuliza uji wake. "Wewe nawe, hata kuku akitaga mayai mawili unauliza la tatu kaiba nani."

"Na la tatu kaiba nani?"

Gib akarudi kwenye uji wake. Juu ya kichwa chake, kwenye ndoano, lilining'inia paja la nguruwe la kukaushwa kwa moshi. Lilifika nyumbani juma lile, na hakuna aliyesema limetoka wapi. Hawise alilitazama muda mrefu. Hakukata hata kipande.

Siku ya pili akaenda kwa mzee Piers, fundi aliyeisimamisha nyumba ile. Mzee alikuwa amekaa mbele ya kanisa akichonga mipini ya reki kwa vidole vinane alivyobaki navyo.

"Mzee wangu, nguzo zile ulizisimamishaje?"

"Kichwa chini. Upande wa mizizi ndio mnene, kwa hiyo unakaa juu, ubebe boriti. Tunafanya hivyo nchi nzima."

"Mbona kwingine nyumba hazitembei?"

"Kwingine mti hukubali kwamba umekatwa." Akapuliza vumbi la mbao. "Ile mialoni arobaini ilitoka kwenye msitu wenu. Nguruwe wenu walikuwa wakila mbegu zake. Bwana Ranulf hakumwuliza mtu, alileta mapipa mawili ya bia, mkanywa, tukakata. Sasa mizizi iko juu kule ndani ya upenu, inatafuta udongo wake. Inakuja kwenu. Haina chuki, mama. Ina njaa tu."

"Na watoto?"

"Juu ya paa hakuna udongo. Mizizi lazima ipate cha kula, kitu kinachokua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu jani la kwanza."

"Na hukusema."

"Niliwahamisha binti zangu wawili, wakakae kwa shangazi yao mjini Ludlow," alisema mzee Piers. "Huko nako ni kusema. Tatizo lenu hamsikii mpaka mtu apige kelele."

Piers alikuwa mtu huru, angeweza kupeleka watoto wake popote. Watu wa kijiji walikuwa wa ardhi ya bwana, na mtoto wao hakwenda kukaa kwingine bila ruhusa ya baraza. Baraza lilikuwa Jumanne, mwezi wa Juni, ndani ya ukumbi uleule. Hawise alimwambia Emmot akae ndani, afunge mlango kwa komeo, asifungue hata akiitwa kwa jina, na asitoke hata kama kuna mvua ya kuchezea. Emmot alisema ndiyo, mama. Alikuwa mtoto msikivu. Hilo lazima lisemwe, kwa kuwa baadaye wako waliosema hakufundishwa.

Ukumbini walikaa wazee kumi na wawili wa kijiji. Saba walitoka ng'ambo ya kijito, watano walitoka chini ya nyumba, na mmoja wa hao watano alikuwa Gib. Hawise hakuwa ameambiwa. Msimamizi wa bwana, Lambert, mtu mpole mwenye sauti ya kulalia usingizi, alimsikiliza mpaka mwisho, akaichukua ile kamba, akatoka nje kwenye manyunyu akapime mwenyewe. Alirudi na magoti yenye matope.

"Nyayo tatu," alisema. "Bi Hawise hasemi uongo. Nyumba inakua. Karani, andika."

Karani akaandika. Hawise akaomba kimoja kati ya mawili: upenu ukatwe kwa msumeno, au mtoto wake apewe ruhusa ya kwenda Ludlow.

"Upenu ni wa bwana," alisema mmoja wa wale saba, mfuga nyuki. "Leo ukate wa bwana, kesho utakata wangu."

"Wako haujahama mahali pake, Hamo."

"Desturi ni desturi, Bi Hawise. Hatukuianzisha sisi."

"Ingekuwa ng'ambo kwenu ungekuwa umeshapanda na shoka."

"Lakini si ng'ambo kwetu," alisema Hamo, na wengine wakacheka kidogo, bila ubaya.

Lambert akataka wanaokubaliana na desturi wanyooshe mikono. Ikanyooshwa saba, kisha wa nane. Gib alikuwa akitazama kofia yake iliyokuwa mapajani. Mkono wake ulikuwa juu.

"Na ruhusa ya mtoto?" Hawise akauliza.

"Mtoto yuko nyumbani kwao, hakuna aliyemgusa," alisema Lambert. "Tutalitazama baraza lijalo."

Hapo mvua ikanyesha kwa nguvu, na ukumbi mzima ukatoa sauti kama mzee anayeinuka kitini. Watu walishika mabenchi mpaka ulipotulia. Karani akafuta wino uliomwagika.

Hawise alipofika kwake, upenu wa Elverstoke ulikuwa umepita juu ya paa lake la majani. Kupitia ufa wa mlango alimwona Emmot ameketi kwenye kigoda chake, komeo liko mahali pake, anamenya maharage. Maji ya upenu yalikuwa yakidondoka juu ya majani ya paa na kupita kwenye tundu ambalo Gib aliahidi kuliziba tangu sikukuu ya Mikaeli, mwishoni mwa Septemba iliyopita. Yalimwangukia mtoto katikati ya utosi.

"Mama, nimefunga mlango," alisema Emmot.

"Nimeona, mwanangu."

Lambert alikuja mwenyewe kabla ya jioni na joho kavu la kumfunika. Hawise na Gib hawakuchukuliwa, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kukua. Hawise alimshika mtoto mkono mpaka mlango mkubwa, na pale Lambert akauchukua mkono uleule, kwa upole, kana kwamba anapokea kikombe.

Gunnild alileta mkate. "Atakuwa na Wilkin," alisema.

"Wilkin ana miaka kumi na mitano."

"Ana minane, shoga. Watacheza."

Kufikia Mikaeli nafasi zilikuwa saba. Mabwana walitoka Hereford kuja kuitazama nyumba, wakapita na mishumaa chini ya boriti, wakasema hawajaona mwaloni uliopangwa vizuri namna ile, na kwamba mjengaji wake alikuwa mtu wa kuona mbali. Bwana Ranulf akawapa nyama ya mawindo na bia. Majani ya boriti yaliyoanguka mezani waliyaweka kando ya sahani.

Kila Jumapili baada ya ibada Hawise huruhusiwa kumwona mwanawe kwa muda wa kula tufaha moja. Mara ya kwanza alimsimamisha kwenye nguzo ya mlangoni, akachora mstari kwa kisu usawa wa kichwa chake. Mwaka uliofuata alimsimamisha palepale. Mstari ulikuwa umepanda, uko juu ya kichwa cha mtoto kwa vidole viwili.

"Nimepungua, mama?"

"Hujapungua. Simama wima."

"Nimesimama wima."

Gib naye bado hula nyumbani. Lile paja la nguruwe alilila peke yake, polepole, majira yote ya baridi.

Wanawake wanaoolewa kijijini siku hizi Hawise huwaambia mambo yafuatayo, na wao huitikia huku wakigeuza mikate.

Usijikinge mvua chini ya upenu wa nyumba ambayo hujui miti yake ilikatwa wapi.

Usinywe bia ya mtu anayetazama msitu wako.

Ukiona fundi anahamisha watoto wake, hamisha na wako siku hiyohiyo. Usimwulize sababu, utachelewa.

Usipeleke shauri lako mbele ya watu ambao mvua yako haiwanyeshei.

Usingoje mume azibe paa. Panda mwenyewe.

Nyama isiyo na mwenyewe isitundikwe ndani.

Usimpime mtoto kwenye nguzo. Tumia kamba.

Na akishachukuliwa, usimshonee nguo yenye pindo la kufumua akikua.