Upepo wa Ijumaa

Rimu mpya ziling'aa hata watoto wa mtaani wakaja kujitazamia meno. Idarusi alizinunua kwa mapenzi, na mkewe Mwanasiti alilijua hilo. Akazisifu, akazipitishia kitambaa, akampiga mumewe picha kando yake, mguu mmoja mbele kama bwana harusi. Za zamani zilikuwa zimechoka. Moja ilikunjika kwenye shimo la barabara ya Pangani wiki ile ile gari lilipoanza kutembea tena, na Idarusi akaona heri abadili zote nne, na matairi yake, kuliko gari kuvaa kiatu mguu huu na kandambili mguu ule.

Shida ilianza walipoliwasha gari kuondoka kwenye duka lililozifunga. Taa ndogo ya manjano, mfano wa tairi lililokatwa kati na alama ya mshangao ndani yake, ilipepesa pale kwenye dashibodi kwa muda, kisha ikatulia ikawaka moja kwa moja.

"Imeanza kuharibika?" Idarusi alimwuliza, siku chache baadaye, fundi Uweso, ambaye kibanda chake cha kuziba pancha pale Mabawa, Tanga, kilijulikana na kila mwenye chombo cha magurudumu.

"Haijaanza. Inaita," Uweso alisema, akijifuta mikono. "Ndani ya kila rimu ya zamani mna kidude, hivi, kama kiberiti, kimefungwa kwenye shina la valvu. Hiyo ndiyo sensa. Kazi yake kuupima upepo na kulipelekea gari habari. Hizi mpya hazina. Gari linaita, haliitikiwi, ndiyo limenuna."

"Dawa yake?"

"Dawa mnayo nyumbani. Nileteeni yale magurudumu ya zamani, niutoe upepo, nibandue matairi, nivichomoe vidude nivihamishie huku. Kazi ya asubuhi moja."

"Hapana," Mwanasiti alisema. Alilisema upesi mno, hata wanaume wote wawili wakageuka kumtazama. "Hapana, fundi. Yale yaache yalivyo."

Yale magurudumu ya zamani yalikuwa uani kwake, nyuma ya pipa la maji, yameegemezwa ukutani na kufunikwa kanga iliyochujuka. Aliyeuliza aliambiwa yanasubiri mnunuzi. Hata mama yake mzazi, Bi Khadija, aliambiwa hivyo hivyo. Ukweli wake Mwanasiti hakuwa na uso wa kumwambia mtu.

Gari lilikuwa la baba yake, marehemu Mzee Mwinyijuma. Mzee alikula ujana wake kwenye lori la nazi, Pangani kuja Tanga na Tanga kurudi Pangani, na alipostaafu akanunua kigari hiki cha mtumba kilichotoka ng'ambo na mambo mengi ya kitaalamu. Mengi hakuyajali. Ila taa ile ya matairi aliichukia kama jirani mmbeya. "Hii imewekwa kunisengenya," alikuwa akisema. "Lakini haitanipata." Kila Ijumaa alfajiri, akirudi msikitini, kabla hata ya chai, alitoa pampu yake ya mguu akayazungukia magurudumu moja moja. Ndivyo alivyofanya tangu enzi za lori. Mwanasiti alipokuwa mdogo alipandishwa juu ya pampu ile, akaruka na kuruka nayo haishuki, mpaka baba akaweka mguu wake juu ya miguu yake miwili, taratibu, wakaikanyaga pamoja. Mpaka leo akisikia harufu ya mpira uliolala nje na umande, huwa mtoto wa miaka sita.

Alipokaribia kujifungua, Mwanasiti alirudi kwa mama yake kama ilivyo ada, akajifungua binti, Shadya, akakaa ndani arobaini yake. Maji ya moto, uji wa pilipili manga, na marufuku ya kutia pua nje kwenye baridi ya alfajiri. Ijumaa zilipofika alikuwa kitandani na kichanga kifuani, na kupitia dirishani akiisikia pampu: fyuu-kwa, fyuu-kwa, na sauti ya baba ikihesabu, imekatika-katika kwa pumzi, na Shadya akinyonya kwa mwendo ule ule kana kwamba naye anajazwa. Ijumaa moja baba akahesabu kama kawaida. Jumapili yake akafariki. Kifua tu, walisema. Alizikwa kwao Pangani.

Mama akaingia eda, gari likafunikwa turubai, halikuguswa mpaka Idarusi alipolichukua. Gurudumu la rimu ile iliyokunjika ndilo peke yake lililotiwa upepo mwingine. Yale matatu yalibaki na kile alichokitia baba, kazi yake ya mwisho duniani kwa miguu yake mwenyewe. Wengine huachiwa saa, wengine kofia au bakora. Yeye aliachiwa upepo.

Usiku ule alimweleza Idarusi, akitazama pembeni. Idarusi hakucheka. Asubuhi alikata kipande cha plasta nyeusi, akakibandika juu ya taa ya manjano.

"Basi na ilale," alisema. "Hatuna haraka nayo."

Ikalala miezi, Shadya akaanza kutembea na kusema. Mwanasiti alikwenda na kurudi, sokoni, zahanati, darasa lake la jioni, na gari halikumpa neno. Siku moja akampelekea shangazi yake dawa Kigombe, kwenye njia ya Pangani, Shadya akiwa kiti cha nyuma amefungwa mkanda, anaimba wimbo wenye neno moja. Walipokuwa wanarudi usukani ulianza kumvuta kushoto. Akaurudisha. Ukamvuta tena. Alidhani ni barabara, maana barabara ile kuna mahali imelala upande kama mlevi. Kwenye kona, lori la mkonge likitokea mbele yake, gari likakataa kabisa kumsikiliza. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, akamtaja Mungu, na gari likaserereka nje ya lami, likapasua majani, likasimama mchangani, pua yake ikigusana na mkonge.

Shadya alipiga makofi. Kisha akasema, "Tena!"

Mwanasiti alishuka, akalizunguka gari. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limelala kama chapati, limeng'ata msumari. Halikwisha upepo pale konani. Lilikuwa likinywea tangu walipotoka Kigombe, kidogo kidogo, na mtu angeweza kuambiwa mapema. Alirudi ndani, akaibandua plasta kwa ukucha. Taa ilikuwa inawaka. Bila shaka ilikuwa inawaka, kama ilivyowaka jana na juzi na mwezi uliopita. Imesema uongo na kweli kwa sauti moja, nani angeitofautisha?

Wenye lori walishuka wakamsaidia kufunga gurudumu la akiba, wakimpa pole na utani wa kumtoa hofu. "Dada, shamba la mkonge hili lina mwenyewe, ukitaka kulima uliza kwanza." Alicheka ili wasiione hofu yake. Muda wote alimshika mtoto, akamnusa utosi.

Jumamosi ile ilikuwa wampeleke Bi Khadija Pangani, kwenye hitma ya marehemu. Njia hii hii, gari hili hili, na mama na mtoto humo ndani.

"Idarusi," alisema jioni wakati mumewe anamenya machungwa, "kesho tupeleke yale magurudumu kwa Uweso."

Idarusi aliacha kumenya. "Una hakika?"

"Sina. Ndiyo maana nataka twende mapema."

Walipofika walimkuta Bi Khadija ameshatangulia. Alisikia mtaani kisa cha Kigombe, akajua lazima watakuja kwa fundi, akaja na kikapu, mkono mmoja kashata, mwingine lawama.

"Shikamoo, mama," Idarusi alisema.

"Marahaba. Nyie mmetaka kuniulia mjukuu mkanyamaza?"

"Mama, tulikuwa tunakuja kukwambia," Mwanasiti alisema.

"Mlikuwa mnakuja! Mimi nimeambiwa na muuza maandazi." Akampokea Shadya, akampachika kiunoni, akaketi kwenye benchi la wateja kama mwenye kibanda.

Uweso alililaza gurudumu la kwanza, akachuchumaa, akanyoosha mkono kwenye valvu.

"Ngoja, fundi," Mwanasiti alisema. "Hebu nifungue mwenyewe."

Alipiga magoti kwenye vumbi. Akakifungua kifuniko cha valvu, akakishika kiganjani, na hapo mkono ukagoma. Machozi yalimshuka bila kuomba ruhusa.

"We Mwanasiti!" mama yake alisema. "Tairi kuukuu hilo, linaliliwa nini?"

"Si tairi, mama." Alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Ni upepo wa baba. Ule wa Ijumaa ya mwisho, alioujaza mwenyewe. Nimeutunza. Sikutaka kukwambia, nisikutoneshe."

Uweso akajitia kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake. Bi Khadija alimtazama bintiye, akalitazama tairi, akamtazama tena bintiye. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akajiziba mdomo kwa kanga. Mwanasiti alidhani analia, mpaka kicheko kilipomponyoka.

"Upepo wa baba yako?"

"Mama, nilimsikia mwenyewe! Nipo kitandani, pampu inalia, anahesabu."

"Ulisikia pampu. Mkanyagaji ulimwona?"

Mwanasiti alitikisa kichwa.

"Ndiye mie!" Bi Khadija alijipiga kifua. "Mwanangu, magoti ya baba yako yalikwisha tangu maulidi ya Mfungo Sita, na kifua kinambana akipanda hata kizingiti. Akaniapisha. 'Khadija, mtoto yuko arobaini. Akijua hali yangu atatoka nje na kichanga kwenye baridi.' Basi bwana anakaa kwenye kigoda, kavaa kanzu yake, hesabu anatoa yeye, kukanyaga nakanyaga mie. Na alikuwa mwizi! Nikifika thelathini yeye anarudi ishirini na tano. Namwambia, Mwinyijuma, hii tulishaipita. Ananambia, wewe mke wangu nakuonea huruma, ila tairi silionei."

Idarusi aligeukia ukuta kuficha kicheko. Uweso hakujizuia.

"Bibi, kompresa yangu inasumbua. Nikuajiri?"

"Nyamaza weye, mtoto wa juzi."

Mwanasiti alibaki magotini. Kwanza alijiona kama mtu aliyenyang'anywa. Miezi yote ile amekiwekea kivuli kitu kisichokuwepo. Kisha akamwona mama yake alfajiri, kitenge kimekazwa kiunoni, mwanamke mzima wa wajukuu, anaruka juu ya pampu nyuma ya ukuta ili mume asiaibike na binti asishtuke. Na yule mume kwenye kigoda anayetoa sauti yake yote, iliyobaki, ili dirishani isikike kuwa ni yeye. Sauti ilikuwa yake kweli. Hilo hakuna aliyemnyang'anya. Na mwenye upepo alikuwa yule pale, hai, anamlisha mjukuu kashata.

"Fungua, mwanangu," Bi Khadija alisema, sauti imelainika. "Huo ninao mwingine."

Mwanasiti akaibonyeza valvu. Upepo ukatoka kwa mlio mwembamba, baridi, una harufu ya mpira wa zamani. Bi Khadija akainama akaukinga kwa kiganja, Shadya naye akataka, wakawa wanakinga wote watatu kama watu wanaonawa bombani, mpaka ukakatika.

Yaliyobaki yalikuwa ya Uweso. Alibandua matairi, akaliziba lile la msumari, akavichomoa vidude vinne, hata kile cha rimu iliyokunjika kilikuwa kizima. Akavibadilishia vipira vya kuzuia upepo, akavipachika kwenye rimu mpya, tundu za valvu zikavikubali. Walipotoka barabarani taa ilipepesa, ikasitasita, na kabla hawajamaliza mtaa ikazima. Msumari ukija tena, safari hii gari litasema na litasikika.

Jumamosi walishika njia ya Pangani. Mwanasiti aliendesha, Idarusi alikuwa nyuma na mtoto, Bi Khadija mbele na sufuria la wali wa hitma mapajani, amekataa katakata kuliweka kwenye buti.

"Mama," Mwanasiti alisema walipoupita mji, "baba alipokuwa anakuhesabia, mkipumzika alikuwa anakwambia nini?"

Bi Khadija akaitengeneza shela yake. Alitazama njia mpaka minazi ya kwanza ikaonekana.

"Mengi. Ila nitakuanzia mwanzo, maana naona baba yako humjui," alisema. "Kwetu palikuwa kando ya njia. Siku hiyo likasimama lori la nazi mlangoni, dereva kijana, nywele kazichana, anasema tairi limeisha upepo, anaomba maji. Akapewa maji. Kesho yake akaja tena, tairi lile lile. Kesho kutwa, lile lile. Mzee wangu akasema masikini kijana huyu, ana tairi bovu."

"Lilikuwa na pancha?"

"Pancha wapi!" Bi Khadija alilipiga sufuria kofi, mfuniko ukaruka. "Alikuwa akiutoa mwenyewe. Akifika pale kwenye kona ya msikiti anashuka, anabonyeza, fyuuu, mpaka linalala, halafu anakuja taratibu kugonga hodi kwetu."

Huko nyuma Idarusi aliangua kicheko, na Shadya, asiyejua lolote, akaangua kumzidi. Mwanasiti ilimbidi apunguze mwendo afute macho.

"Usisimame," mama yake alimwambia. "Endesha, bado sijafika kwenye posa."