Nani Asimulie Habari za Babu Eleuterio

"Usinikatize! Nilikuwa nasema mimi!"

"Tangu kumekucha unasema wewe tu! Hata kahawa imepoa ikikusikiliza!"

Nolberto huyo, mtoto wa baba mdogo. Akapiga meza, vikombe vikaruka. Na mimi nikapiga, kwani yeye nani apige peke yake? Shangazi Otilia alikuwa katikati yetu na kisu cha jibini mkononi, anatutazama kwa zamu kama anayechagua aanze na yupi.

"Pigeni tena," akasema. "Pigeni tena meza ya baba yangu, muone."

Tukashusha mikono. Si kwa muda mrefu.

Ilikuwa siku ya tisa tangu tumzike babu Eleuterio. Nje walishachinja ndama, nyama iko kwenye mijiti mirefu imeinamia moto, na majirani wanaingia uani kwa farasi na pikipiki, kila mmoja anatoa pole kwa sauti ya chini halafu anauliza nyama itaiva saa ngapi. Jioni tungesali sala ya mwisho. Sala ikiisha, kabla madhabahu tuliyomwekea marehemu nyumbani haijavunjwa, mtu mmoja wa ukoo anasimama mbele ya watu anasimulia maisha yake, toka alipozaliwa mpaka alipofumba macho. Mmoja tu. Huku mbugani Casanare ukishasimama pale, basi, umeshakuwa mtu. Mpaka unazeeka watu watakuita mjukuu wa Eleuterio, na wale wengine utadhani waliokotwa.

Mimi nilitaka kusimama.

"Shangazi, hebu fikiria," nikasema, najaribu sauti ya upole. "Baba yangu ndiye mtoto wa kwanza. Halafu mimi shule nimemaliza. Kule mjini Yopal nilikuwa nasimama mbele ya shule nzima nasoma mashairi, sitetemeki. Huyu ukimweka mbele ya watu wanne anatafuna ukosi wa shati."

"Mashairi!" Nolberto akacheka. "Babu alikuwa shairi? Babu alikuwa anaogopa kuku. Utalisema hilo?"

"Nitalisema!"

"Hukulijua mpaka nilivyokwambia sasa hivi."

Kweli sikulijua. Mtu aliyevusha ng'ombe mto Meta, yuko majini pamoja nao, na wale samaki wenye meno wako chini wanasubiri, leo aogope kuku? Hicho ndicho kilichokuwa kinaniua. Kila nikigeuka, Nolberto ana kipande cha babu ambacho mimi sina. Hata kukohoa anakohoa kama babu, kikohozi kimoja kifupi, halafu anatulia utadhani kuna mtu atamjibu. Tandiko la farasi wa babu kapewa yeye. Sawa, tandiko ni ngozi tu. Lakini kikohozi! Kikohozi alikipata wapi kama si kwa kukaa naye kila siku, wakati mimi miaka sita niko mjini nimebanwa kwenye dawati nakariri mifupa ya chura?

"Basi tushindane," nikasema. "Kila mmoja aseme la babu, huyu moja, huyu moja. Shangazi awe mwamuzi. Atakayeishiwa anyamaze."

"Mimi nina watu sitini wa kulisha," akasema shangazi. Lakini akavuta kiti akakaa. Alitaka kusikia. Baba yake yule.

Nikaanza. Nikasimulia babu alivyokuwa mvulana wa miaka kumi na tatu, bado miguu peku, anatangulia mbele ya kundi la ng'ombe mia nane kwenda kuuzwa mjini Villavicencio. Wiki na wiki, anaimba, maana ng'ombe wa mbugani hawaendi kwa fimbo peke yake, wanafuata sauti. Mwimbaji akinyamaza wanashtuka, wakishtuka wanatawanyika, na ukiwa mbele yao hawakuachi mzima.

"Aliimba nini?" Nolberto akauliza.

"Nini?"

"Maneno. Aliimba maneno gani?"

"Mwamuzi ni shangazi, si wewe!"

Ikawa zamu yake. Akaleta habari ya vidole viwili vya babu vilivyokatika. Hiyo kila mtu anaijua: kamba imefungwa mkiani mwa farasi kama tunavyofunga sisi, fahali kanaswa pembe, kamba ikakaza na vidole vya babu viko ndani ya kitanzi. Nikajua hapa nimemshinda, hii ni ya zamani. Kumbe huyu kaiongezea mkia wake. Akasema babu alishuka akavitafuta vidole vyake kwenye majani. Kimoja akakipata. Cha pili alikuwa nacho mbwa, anatafuna. Na babu hakumpiga yule mbwa. Alimtazama tu, na kuanzia siku hiyo akambadilisha jina, akamwita Mtoza Ushuru.

Shangazi akacheka mpaka akainamia meza. "Mtoza Ushuru! Jamani, nilishamsahau yule mbwa! Alikufa mnene!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama mdomo wa shangazi. Kwangu hakucheka hivyo.

Nikarukia mwaka wa mafuriko. Mbuga yote imekuwa ziwa, babu kakwama juu ya kilima kidogo na ng'ombe wake, pamoja na paa wawili na chatu mmoja, na kila asubuhi anawaita ng'ombe kwa majina ajue nani kabaki. Nilisimulia vizuri, na mikono nikaitumia. Nilipomaliza, shangazi akatikisa kichwa.

"Hiyo kakupa baba yako."

"Kwani si ya babu?"

"Ya babu. Lakini vile ulivyoinua nyusi pale kwenye chatu, hivyo ni baba yako kabisa."

"Na huyu kwenye vidole alikuwepo? Alikuwa hajazaliwa!"

"Huyu kapewa na mwenyewe," akasema shangazi, bila ubaya wowote, na ndiyo maana iliniuma.

"Mimi pia ninayo yangu!" nikapaza sauti. "Ya kwangu mwenyewe, hakuna aliyenipa! Nilikuwa mdogo, babu akaniamsha alfajiri twende tukakamue. Nikasimama naye langoni kwa ndama. Akaimba, akamwita ndama mmoja, Lucero, na ndama Lucero akasikia jina lake, akaja mbio..."

"Nani?" Nolberto akauliza.

"Ndama Lucero."

"Ndama anaitwa Lucero?"

Shangazi akaanza kufuta meza mahali palipokuwa pakavu. Hapo nikaelewa, na masikio yakaanza kuwaka moto.

Ndama hana jina. Mtoto wa miaka mitatu huku kwetu anajua. Unasimama langoni unaimba jina la mama, na ndama aliyezaliwa na huyo mama ndiye anayejipenyeza katikati ya wenzake mpaka mlangoni, kwa sababu anajua likiitwa hilo jina ni zamu yake kunyonya. Lucero alikuwa mama wa ndama. Na mimi nimempa ndama jina kama watu wa mjini wanavyompa paka.

"Simama jioni uwaambie hilo," Nolberto akasema. "Wafugaji wa mbuga nzima wamekaa, wewe unawaambia ndama Lucero. Watapaliwa na nyama."

"Ulimi umeteleza!"

"Umeteleza miaka sita huo ulimi."

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta nimesimama. "Umefurahi sasa? Miaka sita umemganda babu kama kupe! Umemnyonya mpaka kaisha, hukuniachia hata tone! Kama ningebaki mimi hapa, hayo yote unayojigamba nayo angenipa mimi!"

Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige. Badala yake akakohoa kile kikohozi, akatulia.

"Alikupa," akasema.

"Nini?"

"Nolberto, acha," akasema shangazi.

"Hapana, shangazi, asikie, si anataka mambo ya babu? Alikupa wewe. Miaka miwili ya mwisho, alipoanza kuchanganya watu, alikuwa ananiita kwa jina lako, Reinel. Reinel nivue buti. Reinel nigeuze ubavu. Reinel, kaa hapa usikie wimbo wa Lucero, usije ukapotea. Mwanzoni nilikuwa nasema, babu, ni mimi, Nolberto. Anakasirika. Ananiuliza, Nolberto ndiye yupi? Basi nikaacha, nikawa naitika." Alikuwa ananitazama mimi moja kwa moja, na ukosi wa shati hakuutafuna. "Naitwa jina la mwingine, nakuja. Kama ndama. Namwogesha, naitwa Reinel. Namlisha, Reinel. Siku ile ya mwisho kanishika mkono, kaniambia, umekuwa mfugaji mzuri, Reinel. Na wewe hata Krismasi huji! Sasa nieleze vizuri, kupe nani?"

Nje mtu alicheka kwa sauti, halafu akanyamazishwa.

Sitasema uongo. Kitu cha kwanza nilichokisikia ni furaha. Babu alikuwa anataja jina langu! Siku zote zile ninazomwonea Nolberto kijicho, babu yuko kitandani ananiita mimi!

"Basi ni yangu," nikasema. "Umesikia shangazi? Alikuwa ananipa mimi. Nasimama mimi."

"Haya," akasema shangazi. Alionekana amechoka. "Simama. Anzia hapa hapa, jizoeze, tukusikie."

Nikanyoosha shati. Nikasema, "Babu yangu Eleuterio alinifundisha..."

Alinifundisha nini? Nikatafuta. Nikarudia, "Alinifundisha," na bado hakuna kitu. Alichonipa kilikuwa kwenye masikio ya Nolberto, kimekaa kule miaka, kimeshazoea.

"Wimbo wa Lucero unaanzaje?" nikauliza. Polepole, namwuliza yeye.

Akatikisa kichwa. "Huo sikupi."

"Si umesema ni wangu?"

"Ni wako. Yote aliyonipa yalikuwa na jina lako juu yake. Lakini jioni nataka niuimbe mbele za watu, na wajue anayeimba anaitwa Nolberto. Mara moja tu. Baadaye uchukue, ukitaka nitakufundisha mpaka uchoke. Ila leo sikupi."

Na hapo sauti ikamkatika, yeye mtu wa kumshika fahali mkia akamdondosha chini. Akafunika uso kwa kiganja.

"Reinel, mwanangu," shangazi akasema, "unasemaje?"

Ningeweza kubisha. Baba yangu ndiye wa kwanza, wazee wa nje wangenisikiliza. Lakini ningesimama na kusema nini? Na yeye angekuwa amekaa pale mbele, anajua kila mahali ninapokosea.

"Asimame yeye," nikasema. Sikusema kwa moyo mweupe, na wote wawili walijua.

Shangazi akazunguka meza. Akaweka mkono kichwani kwa Nolberto, akamvuta kifuani kama mtoto. Nikasubiri kidogo nione kama mkono wa pili utakuja upande wangu. Nao ukaenda kwa Nolberto.

Nikachukua kofia yangu, nikatoka, nikafunga mlango.