Mfuko Namba 486315

Mke wa mwanangu alinisimulia haya juzi mchana, tukimenya viazi. Yeye hufanya kazi kwenye chumba cha damu, hospitalini. Kila mfuko wa damu hupewa namba ya tarakimu sita, na huchaguliwa zile tu zinazogawanyika kwa kumi na moja bila baki. Nikamwambia mimi hesabu niliziacha darasa la tatu. Akacheka, akanichorea mezani kwa kidole: jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu na ya tano, kisha ya pili, ya nne na ya sita. Toa ndogo kwenye kubwa. Lazima upate sifuri, kumi na moja au ishirini na mbili.

Asubuhi moja nesi wa upasuaji aliingia anahema. Mama aliyejifungua anavuja damu, kundi lake ni O.

"Huu hapa," akasema mzee mkuu wa zamu. Lebo ya mfuko ililowa jana yake, akaiandika upya kwa mkono. "Jumla ya tarakimu za lebo ya zamani ilikuwa ishirini na saba, na ya hizi ni ishirini na saba. Mpe dada aende."

Mke wa mwanangu akahesabu kimoyomoyo. Nne, sita, moja: kumi na moja. Nane, tatu, tano: kumi na sita. Tofauti ni tano.

"Mzee, namba hii haipo."

"Haipo vipi, nami nimeishika?"

"Umepishanisha tarakimu mbili. Ukizipishanisha, jumla inabaki ileile."

"Hesabu zako za ubaoni hizo. Mtu anakufa, binti yangu."

"Jamani, mnanipa au hamnipi?" nesi akauliza, mkono keshaunyoosha.

Mke wa mwanangu akauchukua mfuko kwa mzee, akaubana kifuani. Akaanza kupishanisha tarakimu jirani, jozi moja moja. Ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Ya tatu: 483615. Nne, tatu, moja: nane. Nane, sita, tano: kumi na tisa. Kumi na moja kamili. Jozi mbili zilizobaki zikakataa. Akafungua daftari la kumbukumbu za mifuko.

483615, kundi B.

"Hii O uliitoa wapi, mzee?"

"Ulikuwa rafu ya O," mzee akasema, sauti imemshuka. "Nikaandika O."

Rafu ya O haikuwa na mfuko mwingine; O nyingine ilikuwa kwenye jokofu la wodi ya pili, ng'ambo ya uwanja. Mzee mwenyewe alitimua mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni. Aliporudi, mke wa mwanangu akaikagua namba. Sifuri. Nesi akaukwapua mfuko, akapotea.

Saa nzima ikapita. Kisha nesi akachungulia mlangoni.

"Kafumbua macho. Anamuulizia mtoto."

Mzee akaanza kuileta mezani mifuko ya rafu zote, mmoja mmoja.

"Nisomee, mama. Ya kwanza, ya tatu na ya tano. Polepole, nami nijifunze."

Walimaliza alasiri. Nyumbani chakula kilimshinda mke wa mwanangu. Akavua kiatu kimoja, akajiegesha kitandani avue cha pili, na usingizi ukamchukua hapo hapo.